Waya Mgumu, Reli Ndogo na Historia ya Kisaki

Waya ni kitu kidogo ambacho jicho la mwanahistoria hukipita kwa urahisi. Vita huandikwa, watawala hutajwa, mizigo huhesabiwa. Waya husahauliwa kama uzi ulioshona nguo. Lakini Kisaki, mji mdogo wa nchi ya Ukutu, kusini ya milima ya Uluguru, una historia ambayo yaweza kufahamika vizuri zaidi kwa kupambanua waya laini na waya mgumu.

Waya uliotangulia kujulikana sana katika nchi hiyo ulikuwa laini. Katikati ya karne ya 19 njia ya misafara kutoka pwani ilipita Zungomero, si mbali na Kisaki ya sasa. Richard Burton na John Speke walifika huko mwaka 1857. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton alieleza bidhaa zilizotumika kama fedha barani: nguo, ushanga na waya wa shaba, ulioitwa masango. Waya huo ulikunjwa ukawa vitindi vya kuvaa mikononi. Sifa yake ilikuwa utii: ukikunjwa, hukaa kama ulivyokunjwa. Kwa pambo utii huo ni fadhila. Kwa mtambo ni kasoro, maana mtambo hutaka waya unaopinda kisha ukarejea.

Waya wa namna ya pili ulitoka viwandani. Mwaka 1854 James Horsfall wa Birmingham, Uingereza, alipewa haki ya uvumbuzi wa namna ya kuupasha moto na kuupoza waya wa feleji kwa kadiri, ili uvutwe uwe mwembamba bila kupoteza nguvu. Waya wa namna hiyo ulifaa nyuzi za piano, na kabla ya mwaka 1866 kwisha ulikuwa umeizungukia kebo ya simu iliyolazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Ukipindwa kidogo, hurudi mahali pake.

Reli nayo iliuhitaji waya. Katika reli nyingi za zamani mkono wa ishara ulisimama mbali na kibanda cha mlinzi, na waya mrefu ndio uliouvuta. Lakini waya mrefu huvuta tu; kusukuma hauwezi. Kwa sababu hiyo ishara ilitiwa uzito, ili waya ukikatika mkono urejee penyewe kwenye hatari. Kwenye pointi, yaani mahali reli zinapogawanyika, haja ilikuwa nyingine. Huko ulimi wa reli lazima uvutwe na usukumwe, na kazi hiyo ikapewa fito nene za chuma au wenzo uliosimama kando ya njia.

Katika reli za mfano mambo hubadilika. Kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilionyesha reli zake ndogo katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza zake mwaka 1920. Tangu hapo waundaji wengi wametambua kuwa katika udogo ule waya peke yake waweza kufanya kazi ya ufito. Sababu yake ilikwisha kuelezwa na Leonhard Euler mwaka 1744: ufito ukifupishwa nusu, huvumilia msukumo mara nne kabla ya kujikunja. Waya unaolegea ukiwa na urefu wa mita nyingi ni mkaidi ukiwa na urefu wa kidole.

Mota huwekwa chini ya ubao. Waya wa feleji, wenye unene wa milimita 1 hivi, hufungwa katika mota, hupita katika tundu la ubao, na ncha yake huingia katika kipande kiunganishacho ndimi mbili za reli. Ulimi husogea milimita 2 au 3 tu, na mwendo wa mota hufanywa mkubwa kuliko huo kwa makusudi. Ulimi ukisha kugusa reli, mota huendelea. Waya hupinda, na kule kupinda kwake kukawa kamani inayouegemeza ulimi palepale. Waya wa shaba ukitumiwa badala yake, hupinda na kukaa hivyo. Ulimi hubaki wazi kidogo, na garimoshi likifika huacha njia. Waya ukizidi ugumu, mota hukwama au kiungo hukatika. Kwa hiyo kugeuza ulimi peke yake hakutoshi. Ukisha geuka, lazima ushikwe.

Kisaki imekaa mfano wa pointi, na ulimi wake umegeuzwa zaidi ya mara moja. Misafara ilipopita kusini ya Uluguru, nchi ya Ukutu ilikuwa njiani. Wajerumani walipoanza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na kuifikisha Morogoro mwaka 1907, njia ilipita kaskazini ya milima, na Kisaki ikaachwa kando. Vita viliirudisha kwa ghafula. Morogoro ilipotwaliwa na majeshi ya Uingereza tarehe 26 Agosti 1916, Lettow-Vorbeck alirudi Kisaki, penye akiba zake. Tarehe 7 na 8 Septemba vikosi viwili vya Afrika ya Kusini vilishambulia, kila kimoja siku yake bila kuungana na mwenzake, vikarudishwa nyuma. Mizigo ya vita ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Palipokosa reli, miili ya watu ndiyo iliyokuwa reli. Majeshi yalipoondoka, njia iliondoka nayo.

Ulimi uligeuzwa tena baada ya uhuru. Tanzania, Zambia na China ziliafikiana mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860, ikakabidhiwa. Kisaki ikapata stesheni. Mtu akitaka kuiunda stesheni hiyo kwa mfano, upana wa reli, milimita 1,067, ukipunguzwa mara 64 hukaribia milimita 16.5, kipimo cha reli ndogo ziuzwazo mahali pengi.

Katika mageuzi yote ya kwanza wenzo ulikuwa mikononi mwa watu wa mbali: mfanyabiashara wa pwani, gavana, jemadari. Hawakuweka kitu cha kuushika ulimi baada ya haja yao kwisha. Uhusiano wao na Kisaki ulikuwa waya wa shaba, uliokaa ulivyokunjwa na mkono wa mwisho. TAZARA ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali ya wananchi kuwa miongoni mwa walioshika wenzo. Lakini hata reli hiyo mizigo yake ilipungua sana katika miongo iliyofuata. Mkataba hugeuza ulimi siku moja. Kuushika ni kazi ya mkulima mwenye mzigo wa kupeleka sokoni, fundi anayekaza misumari ya reli, na hazina inayolipa mishahara yao. Na kazi hiyo haina siku ya kukabidhiwa.