Patasi ya fundi mbao: kila umbo na kazi yake

Katika vijiji vingi vya Masisi, kuanzia Kingi mpaka njia ya kwenda Walikale, milango, vitanda, mabenchi ya shule na chukudu vinatengenezwa kwa mikono. Pahali umeme haufike, kazi inategemea msumeno, randa, nyundo na patasi. Patasi, ile wafundi wengine wanaita siso, ni chombo kidogo, lakini ndiyo inaamua kama kiti kitadumu ao kitaanza kutikisika kisha miezi michache.

Vijana wengi wanaojifunza ufundi wananunua patasi moja na kuitumia kwa kila kazi. Mara mingi inavunjika, inapasua ubao ao inakata mkono. Shida si fundi tu. Ni umbo la patasi ambalo halikufaa kazi ile.

Sehemu za patasi

Patasi ina chuma, makali na mpini. Mgongo wa chuma unapashwa kuwa sawa kabisa, bila kupinda, juu ndio unaongoza makali ndani ya ubao. Upande wa pili una mteremko unaoshuka mpaka kwenye makali.

Mpini unafungwa kwa namna mbili. Kuna patasi yenye mkia mwembamba unaoingia ndani ya mti. Hiyo inaomba pete ya chuma kwenye shingo ya mpini, la sivyo mti utapasuka. Nyingine ina kikombe cha chuma, na mti ndio unaingia ndani yake. Ya kikombe inavumilia kupigwa sana, na mpini ukivunjika fundi anaweza kuchonga mwingine siku ile ile.

Maumbo manne

Ya kwanza ni patasi ya tundu. Chuma chake ni nene, karibu mraba. Inatumiwa kuchimba tundu ambamo ulimi wa ubao mwingine utaingia, kwa mfano kwenye mguu wa meza ao kwenye fremu ya mlango. Unene wake unaisaidia isivunjike fundi anapoinamisha mpini ili kutoa vipande. Kanuni ya wafundi ni kwamba tundu lichukue karibu theluthi moja ya unene wa ubao: ubao wa milimita 36 unaomba patasi ya milimita 12.

Ya pili ni patasi nyembamba yenye kando zilizochongwa. Inasukumwa kwa mkono, ao inagongwa kidogo tu. Inasafisha pembe na kutengeneza pahali pa bawaba. Ukiipiga kwa nguvu ndani ya mbao ngumu kama mvule, itavunjika.

Ya tatu ni ile ya kawaida, yenye kando za mraba na unene wa katikati. Inafanya kidogo ya kila kazi.

Ya ine ni bobari, yenye makali ya mviringo. Inachimba mifereji, mabakuli na mapambo ya viti.

Kuna pia tindo, lakini hiyo ni ya chuma na mawe. Haina mpini wa mti, na haifai kwa mbao.

Ukali wa mteremko

Mteremko mrefu unakata vizuri lakini makali yake ni dhaifu. Mteremko mfupi una nguvu lakini unaomba kupigwa zaidi. Kwa patasi ya kusukuma, digrii 25 zinatosha. Kwa ya kawaida, 30. Kwa ya tundu, 30 mpaka 35.

Asiye na kipimo anaweza kutumia unene wa chuma chenyewe. Urefu wa mteremko ukiwa mara 2 ya unene, hapo ni digrii 30. Chuma cha milimita 4 kitakuwa na mteremko wa milimita 8.

Patasi za resori

Juu ya bei, wafundi chuma wengi wanafua patasi katika resori za magari ya zamani. Ni wazo nzuri: chuma cha resori kina kaboni ya karibu asilimia 0.6, kwa hiyo kinakubali kukazwa kwa moto. Nondo za kujengea nyumba mara mingi hazina kaboni ya kutosha, na makali yake yanalala upesi.

Chuma kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kisha makali yanatumbukizwa katika mafuta. Kazi haijaisha. Kikibaki hivyo, kitavunjika kama kioo. Kinasafishwa na kupashwa tena polepole mpaka rangi ya nyasi kavu itokee, halafu kinaachwa kipoe. Rangi ikifika buluu, makali yamekuwa laini. Hivyo hivyo, mtu anayenoa kwa mashine bila maji mpaka chuma kiwe buluu ameharibu patasi yake.

Patasi ya kutengenezwa na tupa ya zamani inaomba uangalifu zaidi. Tupa ni ngumu sana, na isipolegezwa kwa moto inaweza kuruka vipande machoni.

Mwenye feza ya patasi moja

Anayeanza kazi ya milango na vitanda afadhali atafute kwanza patasi ya tundu ya milimita 12, kisha ya kawaida ya milimita 25, na nyembamba baadaye. Apige kwa nyundo ya mti, afunge ubao kabla ya kukata, na mkono wake usikae hata siku moja mbele ya makali.

Masisi imeona watu wengi kukimbia vita na kuacha nyumba na atelye. Meza ya kazi haibebeki mgongoni, lakini patasi tatu zilizofungwa katika kitambaa zinabebeka. Zikiwa na umbo nzuri na makali mazuri, fundi anaweza kuanza nazo tena pahali popote anapopata ubao.