Ndoa Haikuwa Kazi ya Watawa

Mwaka 1931 reli ya Benguela, iliyotoka bandari ya Lobito, iliungana na reli ya Katanga hapa Tenke. Tangu siku hizo mji huu mdogo umezoea kupokea watu wa mbali. Wabelgiji walikuja, wakaondoka. Wamarekani wa Freeport-McMoRan walikuja, na mwaka 2016 wakauza hisa zao za mgodi wa Tenke Fungurume kwa kampuni ya Kichina, China Molybdenum, kwa dola bilioni 2.65. Jirani mpya huulizwa anakula nini, anamwomba nani, anaoa vipi. Wachina wengi hawafuati dini yoyote rasmi, na asije mtu akadhani kila anayepita na helmeti barabara ya Kolwezi ni Mbuddha. Lakini dini ya Buddha, iliyokaa China karibu miaka 2,000, inastahili kuelezwa sawasawa, hasa katika jambo ambalo kwetu husemwa kwa kelele au halisemwi kabisa: mapenzi ya watu wa jinsia moja.

Historia hiyo haianzi na wanaume wawili. Inaanza na mtu na mke wake.

Katika Vinaya, mkusanyo wa sheria za watawa, anatajwa Sudinna, mwana wa tajiri aliyeacha nyumba na mke, akanyoa nywele na kumfuata Buddha. Wazazi wake hawakukubali. Mali hii yote itarithiwa na nani? Mama akamsihi: basi tuachie hata mbegu moja. Sudinna akalala na mke wake mwenyewe, akazaliwa mtoto wa kiume. Kutokana na tukio hilo Buddha akaweka sheria ya kwanza kati ya zile nne ambazo mtawa akivunja mojawapo anakoma kuwa mtawa. Msomaji wa Katanga, ambako ukoo mzima humdai mtu watoto, na asimame hapo kidogo. Kesi ya kwanza ya kimwili katika dini hii ni ya mume aliyewatii wazazi, na bado ikahesabiwa kosa. Kisha kitabu kinaendelea kuorodhesha: na mwanamke, na mwanamume, na mnyama, na maiti. Hukumu ni moja. Kilichokatazwa kwa mtawa ni tendo lenyewe, awe na yeyote.

Hata hivyo sitaki kuupaka mkusanyo huo rangi nzuri kuliko ulivyo. Ndani yake imo pia habari ya mtu wa kundi lililoitwa pandaka, yaani wanaume waliohesabiwa kuwa na kasoro katika uanaume wao. Alipokewa utawani, akawaendea watawa vijana, wakamfukuza. Akawaendea wanafunzi, wakamfukuza. Mwishowe akawaendea wachunga tembo na farasi, nao wakamkubali, kisha wakaenda kutangaza kwamba watawa wote ndivyo walivyo. Kuanzia hapo watu wa kundi lake wakazuiwa kuingia utawani. Sababu inayojitokeza katika simulizi ni sifa ya jumuiya: watawa waliishi kwa chakula walichopewa na watu wa kawaida, na jumuiya yenye jina baya hulala njaa. Lakini mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa, na kuna watu ambao umebaki umewafungia mpaka leo.

Kwa waumini wa kawaida mambo yalikuwa mengine. Hao wana maagizo matano, la tatu likiwa kujiepusha na mwenendo mbaya wa kimwili. Maandiko ya zamani ya Kipali yanapoeleza agizo hilo, yanataja wanawake ambao mwanamume asiwaguse: aliye chini ya ulinzi wa mama, wa baba, wa kaka, wa ndugu, aliyeolewa, aliyekwisha kuposwa. Ubaya ni kuvunja haki ya mtu mwingine. Mwanamume na mwanamume hawatajwi katika orodha hiyo, wala mwanamke na mwanamke.

Makatazo yaliyowagusa yalikuja baadaye. Karne ya 4 au ya 5 baada ya Kristo, mwanazuoni wa India Vasubandhu alieleza kwamba mwenendo mbaya unahusu pia viungo visivyofaa, mahali pasipofaa na wakati usiofaa: kinywa, kwa mfano, au karibu na hekalu, au mke akiwa mjamzito. Tibet ilipokea maelezo hayo, na Gampopa aliyafundisha huko katika karne ya 12. José Cabezón, mtafiti aliyetumia miaka mingi juu ya maandiko haya, anaona kwamba watawa walichukua nidhamu yao wenyewe wakaitandaza juu ya watu wenye ndoa. Mimi naona hoja yake ina nguvu. Ukisoma orodha hizo unasikia sauti ya mtu asiyeoa akimpangia aliyeoa saa za kulala na mke wake.

Wamisionari wa Kikristo walikutana na upande mwingine. Wajesuiti walifika katika ufalme wa Kongo mwaka 1548. Mwaka uliofuata mwenzao Francis Xavier alishuka Kagoshima, Japani, akashtushwa na watawa waliolala na wavulana waliokabidhiwa kwao ili wasome, na zaidi akashtushwa kwamba watu walilizungumza jambo hilo bila aibu. Wengi wa wavulana hao walikuwa watoto chini ya mkono wa wakubwa wao. Anayeileta Japani ya kale kama ushahidi wa uhuru wa mapenzi awakumbuke hao kwanza.

Afrika nayo ina ukurasa wake, na ni ukurasa wa migodini. Kati ya 1904 na 1907 Wachina zaidi ya 63,000 waliletwa kuchimba dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, wakafungiwa katika kambi za wanaume peke yao. Mwaka 1906 serikali ilimtuma J. A. S. Bucknill kuchunguza uvumi kwamba walilala wao kwa wao. Mwaka 1907 uchunguzi wa namna hiyo ukageukia wachimbaji Waafrika, ambako mchimbaji mkubwa alimchukua kijana kuwa kama mke wake wa kambini. Kambi zilikuwa zile zile. Utaratibu uliowatenga maelfu ya wanaume na jamaa zao haukuwa ndio uliochunguzwa. Waliochunguzwa ni wanaume.

Katanga ilifuata njia nyingine. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, nayo ilianza na wanaume walioandikwa kwa muda mfupi, wakafa wengi, wakatoroka wengi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikaamua kwamba mfanyakazi mwenye mke anakaa: ikampa nyumba kambini, posho ya mke, posho ya mtoto, na misheni ikapewa shule. Mwaka 1953 padre Placide Tempels akafika Kolwezi, na kati ya wafanyakazi hao hao wa mgodi ikazaliwa harakati ya Kikatoliki iitwayo Jamaa, ambayo kiini chake kilikuwa umoja wa baba na mama. Babu zetu waliokulia kambini walijua kwamba cheti cha ndoa ndicho kilicholeta nyumba na unga. Kampuni na kanisa viliifanya ndoa kuwa mlango wa utu, na asiyepita katika mlango huo hakuwa na pa kusimama.

Hapo ndipo penye tofauti. Buddha aliacha nyumba yake, na watawa wake hawakupewa ndoa ya kusimamia. Katika nchi za Kibuddha ndoa ilibaki shauri la koo na la serikali. Mtawa aliweza kualikwa kusoma baraka na kupokea chakula, wala si yeye aliyefungisha ndoa. Dini isiyoimiliki ndoa haina sababu kubwa ya kumwinda asiyeoa.

Basi zile adhabu za gerezani zilitoka wapi? Sri Lanka, nchi yenye Wabuddha wengi, iliandikiwa sheria yake ya jinai na Waingereza mwaka 1883, kwa kufuata mfano wa ile waliyoitunga kwa ajili ya India. Sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zimetoka katika ukoo huo huo. Kongo ilipokea sheria za Wabelgiji, waliorithi kutoka Ufaransa ya mapinduzi ambayo mwaka 1791 iliacha kuyaadhibu mapenzi hayo. Ndiyo maana kwetu hakuna kifungu kinachoyataja kwa jina, ingawa Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inampa mtu haki ya kufunga ndoa na mwenye jinsia tofauti tu, na watu bado hupigwa na kufukuzwa nyumbani bila kifungu chochote.

Mwaka 1997 Dalai Lama alikutana San Francisco na Wabuddha wapenzi wa jinsia moja. Hakuwaficha: maandiko ya Tibet yanakataza, na yanawakataza hata mume na mke kwa vitendo vile vile, yeye peke yake hana uwezo wa kuyabadili, lakini kumdhulumu mtu kwa ajili hiyo ni kosa. Mwaka 2012 huko Taoyuan, Taiwan, mtawa wa kike Shih Chao-hwei alifanya zaidi: aliongoza sherehe ya harusi ya wanawake wawili Wabuddha, miaka saba kabla sheria ya nchi haijaruhusu.

Tarehe 23 Januari 2025 ikawa zamu ya Thailand. Wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake walikwenda kuandikishwa ndoa katika ofisi za wilaya, mbele ya karani, kama wengine wote. Nayo desturi ya utawa haikubadilika: anayetaka kuvaa joho la mtawa bado huulizwa, pamoja na maswali mengine ya kale, kama yeye ni mwanamume, na wale ambao Vinaya iliwaita pandaka bado hawapokelewi.