Kiungo Kiingiacho

Ukiweka katika ukurasa wako maneno ya kubofya yanayompeleka msomaji kwenye tovuti ya mwingine, umetengeneza kitu chenye majina mawili. Kwako wewe ni kiungo kitokacho. Kwa mwenye tovuti ile ni kiungo kiingiacho. Istilahi ya Kiingereza, backlink, imejengwa juu ya dhana ya nyuma, na kuifuata kungetupa "kiungo cha nyuma", ambacho hakielezi chochote, au "kiungo rejeshi", ambacho kinapotosha kwa kuwa hakuna kinachorejeshwa. "Kiungo cha nje" nacho kina kazi nyingine: katika Wikipedia ya Kiswahili, "Viungo vya nje" ni vile vinavyomtoa msomaji kwenye makala. Kwa hiyo nashikilia kiungo kiingiacho, wingi wake viungo viingiavyo. Ni jina refu kidogo, lakini msomaji hulielewa bila kufafanuliwa.

Katikati ya miaka ya 1990, injini za utafutaji kama AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995, zilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Aliyetaka kuonekana alirudia neno lake mara mia, pengine kwa maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe ili binadamu asiyaone. Kila ukurasa ulijishuhudia wenyewe.

Mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walikuwa na mradi ulioitwa BackRub, jina lililotokana na kuchunguza viungo viingiavyo. Wanazuoni walikwisha kuijua mantiki hii ya kutegemea ushuhuda wa wengine: tangu 1964 faharasa ya Eugene Garfield ilikuwa ikionyesha makala gani ya sayansi imetajwa na makala zipi. Page na Brin waliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote, kwamba ushuhuda wa ukurasa mmoja haulingani na wa mwingine. Kanuni yao, PageRank, huupa kila ukurasa uzito, na ukurasa huugawa uzito huo kwa kurasa unazozielekezea. Wenye uzito wa 6 na viungo 3 hutoa 2 kwa kila kimoja; ukiwa na viungo 60, kila kimoja hupata 0.1 tu. Kisha kiasi hicho hupunguzwa, kwa kawaida kwa kuzidishwa na 0.85, kwa sababu msomaji anayefikiriwa hapa habofyi milele. Mara nyingine huchoka na kurukia ukurasa mwingine kabisa. Na kwa kuwa uzito wa anayetoa nao umetoka kwa wengine, hesabu hurudiwa mpaka tarakimu zitulie.

Hivyo kiungo kimoja kutoka ukurasa unaoheshimiwa huweza kushinda mamia kutoka kurasa zisizojulikana. Leo Google, injini iliyotokana na mradi ule, hutumia vigezo vingine vingi pia, lakini viungo havijaachwa.

Palipo na thamani, walaghai hufika. Biashara ya kuuza viungo ilikua hadi Google ikatoa, Aprili 2012, badiliko lililoitwa Penguin, lililoshusha tovuti zilizojirundikia viungo vya hila. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ilikuwa imebuniwa alama ya kuiambia injini isikihesabu kiungo fulani; Wikipedia huiweka kwenye viungo vyake vya nje, kwa hiyo anayejipenyeza humo ili apande cheo kwa kawaida anapoteza muda wake.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwenye intaneti hakijiuzi mpaka wengine wakielekezee, na hapo ndipo waandishi wa Kiswahili tunapopaswa kusaidiana. Anayenukuu utafiti wa mwenzake, akamtaja kwa jina na asimwekee kiungo, amemnyima ushuhuda ambao usingemgharimu chochote.

Maneno ya kubofya nayo yana uzito wake. Mwaka 2003 watu wengi walielekeza maneno ya Kiingereza yenye maana ya kushindwa vibaya kwenye wasifu wa Rais George W. Bush katika tovuti ya Ikulu ya Marekani, na ukurasa huo ukashika nafasi ya kwanza kwa maneno ambayo haukuwa nayo. Google iliuzima mtindo huo Januari 2007, ila maneno ya kubofya yanaendelea kuieleza injini ukurasa ule unahusu nini. "Bofya hapa" hayaielezi kitu. Anayeelekeza kwenye makala kuhusu magofu ya Kilwa Kisiwani afanye maneno "magofu ya Kilwa Kisiwani" ndiyo yabofywe.