Kwa nini baadhi ya albamu za zilizopendwa hazichuji

SWALI la ni albamu zipi zimestahimili mkondo wa miaka katika Afrika Mashariki lina utata wake. Nyimbo nyingi zilizotamba humu katika miaka ya 1960 na 1970 hazikuandaliwa ziwe albamu. Zilitolewa mojamoja katika santuri ndogo zilizozunguka mara 45 kwa dakika, na kwa vile upande mmoja ulibeba dakika chache tu, wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Msikilizaji alilazimika kuinuka kugeuza santuri pale hasa magitaa yalipoanza kunoga.

Santuri kubwa, ambayo upande wake uliweza kubeba dakika 20 hivi, iliwapa wanamuziki nafasi ya kupumua. Mwaka wa 1985, Franco Luambo na bendi yake ya TPOK Jazz walitoa Mario, wimbo wa karibu dakika 14 kuhusu kijana anayelelewa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Kilingala si lugha ya Wakenya wengi, lakini kisa hicho kilieleweka upesi, labda kwa sababu akina Mario hawakukosekana mitaani Nairobi.

Hapa nchini, aliyeitumia vyema zaidi nafasi hiyo ni Samba Mapangala. Mzaliwa huyu wa Matadi, Kongo, alipitia Uganda na kufika Nairobi mnamo 1977 akiwa na bendi ya Les Kinois, kisha akaunda Orchestre Virunga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika nyimbo kama Malako na Virunga, sauti yake nyororo hutangulia bila haraka, saksafoni huitikia, kisha magitaa huachiwa uwanja. Hakuna ala inayoikanyaga nyingine. Aidha, rekodi hizo zilitangulia wimbi la vinanda vya umeme na ngoma za mashine ambalo baadaye lilizeesha kazi nyingi za muongo huo kabla ya wakati wake.

Hata hivyo, ubora peke yake hautoshi. Nyimbo hizo zilipata uhai wa pili mwaka wa 1990 zilipotolewa Uingereza na lebo ya Earthworks katika albamu iliyoitwa Virunga Volcano. Kwa maneno mengine, palikuwa na rekodi iliyo safi na mtu aliyeona faida ya kuitoa upya.

Kisa cha Mbaraka Mwinshehe Mwaruka kinathibitisha jambo hilo. Mpiga gitaa huyo wa Morogoro, aliyeiacha Morogoro Jazz mwaka wa 1973 na kuunda Super Volcano, alifariki katika ajali ya barabarani mjini Mombasa mnamo Januari 1979. Baada ya kifo chake, kampuni ya Polygram jijini Nairobi ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa albamu ulioitwa Ukumbusho. Marehemu hakushiriki kuzipanga, lakini ni kupitia kwa mikusanyo hiyo ambapo wengi waliozaliwa baada yake walimfahamu.

Kuna pia wimbo uliodumu hata bila kutegemea albamu. Sina Makosa wa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka wa 1978, uliendelea kupigwa redioni, kwenye matatu na harusini. Kiswahili chake ni chepesi, na kilio cha mtu anayesisitiza kwamba hana makosa hakihitaji kufafanuliwa.

Lakini kwa kila Sina Makosa, zipo nyimbo zilizonyamaza. Biashara ya kanda za kunakiliwa kiharamu iliwatia hasara watayarishaji, kampuni za kigeni zikajiondoa, na kanda asilia zikahama kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Utepe wa kanda huharibika kwa joto na unyevu, na santuri iliyokwaruzwa haiwezi kurudishiwa sauti yake yote. Mnamo 2013, lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyo wa rekodi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa hazipatikani tena madukani. Mkenya aliyetaka kuzisikia alilazimika kununua muziki wa kwao kutoka ng'ambo.