Mgeni, Jembe na Aproni

Kenya nayo imo katika historia ya anga: setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Lakini Uhuru haikubeba mtu. Anayetaka kupima jinsi binadamu anavyokaa muda mrefu mbali na kwao atafute kipimo Jericho, mtaa wa nyumba za kanjo uliojengwa Eastlands mapema miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi wa Nairobi. Wengi waliacha familia na shamba ushago, wakaishi kwa barua, salamu za redio na wageni wasiokwisha.

Wamarekani walikifanya kituo chao cha angani, Skylab, mahali pa kazi. Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue walipanda tarehe 16 Novemba 1973, wakakaa siku 84. Mara tu walipofika angani Pogue alitapika, wakakubaliana kulificha jambo hilo, kumbe maongezi yao yalikuwa yananaswa kwenye tepu. Waongozaji wa safari huko Houston wakayasikiliza, na Alan Shepard, mkuu wa wanaanga, akawakemea hewani. (Aliyelelewa Jericho, ambako jirani husikia hata kikohozi, asingethubutu.) Kisha ikaja ratiba. Walipangiwa kazi kwa kasi ya kundi lililowatangulia, ambalo lilikwisha kuzoea, na mapumziko yakamegwa. Tarehe 30 Desemba walizungumza na Houston bila kufichana. Kazi ndogondogo zikaachwa wazifanye wapendapo, na mambo yakaenda vizuri zaidi. Ile hadithi ya mgomo angani inanoga, ila mgomo haukuwepo. Watu walichoka, wakasema.

Warusi walikuwa na chumba kidogo zaidi. Skylab ilikuwa na nafasi ya takriban mita za ujazo 360, kituo chao cha Salyut 6 kama 90 tu. Lakini Salyut 6 ilikuwa na milango miwili ya kupokelea vyombo. Yuri Romanenko na Georgi Grechko walipokuwa humo, Januari 1978, Vladimir Dzhanibekov na Oleg Makarov walibisha hodi wakiwa na barua mkononi. Mwezi huohuo Progress 1 ikaleta mafuta, chakula na vifaa bila rubani. Machi akaja Vladimír Remek wa Chekoslovakia, mtu wa kwanza angani asiye raia wa Umoja wa Kisovieti wala wa Marekani. Wenyeji walimaliza siku 96. Hayo mkazi wa Jericho angeyaelewa bila kuelezwa: ugeni hauvumiliki kwa ukubwa wa sebule, bali kwa habari za nyumbani na mtu wa kuzileta.

Hata hivyo wageni si dawa ya kila kitu. Mwaka 1982 Anatoly Berezovoy na Valentin Lebedev walikaa Salyut 7 siku 211, na shajara ya Lebedev inaonyesha jinsi walivyochoshana. Agosti alipofika Svetlana Savitskaya, mwanamke wa pili kwenda angani, Lebedev alimkabidhi aproni. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa lake mlangoni. Alirudi mwaka 1984, akatoka nje ya kituo na kuchomelea vyuma, mwanamke wa kwanza kutembea angani. Aproni ilijibiwa.

Hapo ndipo Jericho na Salyut zinapoachana. Mkorofishane Jericho, mmoja ataenda uwanja wa Camp Toyoyo kutazama mpira hadi hasira ishuke. Kituoni hakuna Toyoyo. Warusi walipatia kwa kufungua mlango, wakasahau kwamba mwenyeji naye huhitaji pa kukimbilia. Wamarekani walitoa nafasi, wakanyima muda. Kwangu Salyut 6 inashinda, ingawa si kwa mbali.

Lebedev mwenyewe alikuwa angani Desemba 1973, ndani ya Soyuz 13, wakati Carr na wenzake wakihangaika na ratiba. Baada ya safari hizo mbili ndefu, ya siku 84 na ya siku 211, hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyeruka tena.