Kikombe na Ng'ombe

Mama yangu anaweka kadi ya chakula ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya pochi, pochi ndani ya sanduku, na sanduku liko chini ya kitanda. Ukifika kwetu ukaomba kuona vyeti vyangu vya shule, tutatafuta mpaka jasho litoke. Ukiomba kadi, mama anaipata hata gizani. Alifika Nyarugusu mwaka 1996, mwaka uleule kambi ilipofunguliwa, akitokea upande wa Fizi na mtoto mgongoni. Mimi nilizaliwa hapahapa miaka michache baadaye. Kwa hiyo mambo ya kupewa nayajua, nimekua nayo.

Nasema hivi mapema kwa sababu nataka kuanza mbali sana, Hispania, halafu nirudi nyumbani. Mwenzangu wa kikundi cha vijana aliposikia akaniuliza, "Sasa Hispania inatuhusu nini?" Nikamwambia ngoja.

Kati ya mwaka 1936 na 1939 Wahispania walipigana wao kwa wao. Watu wakakimbia vijiji, wakajaa mijini, na kinachofuata hapo tunakijua wenyewe. Mwaka 1937 akafika huko Mmarekani mmoja anaitwa Dan West, mkulima na mwalimu kutoka jimbo la Indiana. Alikuwa muumini wa kanisa la Brethren, moja ya makanisa yanayofundisha waumini wao wasishike bunduki. Kazi yake ilikuwa kugawa misaada kwa wahanga wa pande zote mbili za vita, na kwa watoto msaada mkubwa ulikuwa maziwa ya unga. Unakoroga na maji, unamimina kwenye kikombe, mtoto anakunywa, mwingine anasogea.

Maziwa hayakutosha. Wagawaji ikabidi waamue nani apate na nani akose, na kukosa pale kulikuwa na maana ya kufa. Sisi ambao tumewahi kusimama kwenye mstari tangu alfajiri halafu tukaambiwa "imeisha, rudini kesho", tunaujua upande wa anayepokea. Upande wa pili niliuonja siku moja tu, nilipojitolea kwenye ugawaji wa sabuni. Vipande viliisha, watu bado wapo, na macho yote yananitazama mimi. Hiyo ni sabuni, siyo maziwa ya mtoto. Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, siku hiyo niliwaonea huruma.

Dan West aliwaza kama mkulima anavyowaza. Mtoto huyu amekunywa leo, kesho atarudi na kikombe kilekile, na siku meli ya unga isipofika hana kitu. Lakini kwao Indiana maziwa hayatoki melini, yanatoka kwa ng'ombe anayekula majani, na Hispania majani yapo. Kwa nini basi wasipelekewe ng'ombe? Wazo lake lote ndilo hilo: si kikombe, ni ng'ombe. Kwa Kiswahili maneno hayo mawili yanafanana mwishoni, kwa Kiingereza yanafanana mwanzoni, nadhani ndiyo maana yameshika vichwani mwa watu.

Alirudi kwao mwaka 1938 akaanza kuwasumbua majirani: wewe toa mtamba, wewe mlishe, wewe changia nauli. Mwaka 1942 kanisa lake likaukubali mpango rasmi. Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeifunga njia ya bahari ya kwenda Ulaya, kwa hiyo safari ya kwanza, mwaka 1944, ilikwenda Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, na mitamba 17. Mmoja wao aliitwa Faith, yaani Imani. Vita vilipoisha, ng'ombe na farasi wakaanza kupelekwa kwa wingi Ulaya, kwenye nchi kama Poland na Ugiriki, kwa meli za UNRRA, shirika la misaada la wakati ule. Kati ya mwaka 1945 na 1947 watu wapatao 7,000 walipanda meli hizo kama wachungaji wa baharini, wengine wakiwa vijana wa shule na wakulima ambao hawajawahi kuiona bahari. Hebu fikiria, unachunga ng'ombe juu ya mawimbi, ng'ombe anaumwa na wewe mwenyewe unatapika.

Sasa hapa nakaa kidogo, kwa sababu utamu uko kwenye masharti.

Sharti la kwanza ni mtamba mwenyewe. Hawakutoa ndama, maana ndama utamlisha muda mrefu kabla hajakulisha. Hawakutoa ng'ombe mzee pia. Walitoa mtamba mwenye mimba. Ndani ya miezi michache anazaa, maziwa yanatoka, na mnyama tayari ni wawili. Sharti la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii: ndama jike wa kwanza si wako. Unamlea, halafu unampa familia nyingine yenye shida, nayo itafanya vilevile. Yaani mtu aliyepokea mwaka jana, mwaka huu anaitwa mfadhili. Anakwenda kwa jirani na kamba mkononi, na jirani anasema asante kwake yeye, siyo kwa mzungu aliye mbali.

Nilipomsimulia mzee mmoja Mrundi, jirani yetu, alicheka akasema kupeana ng'ombe kwao si jambo geni. Nikamwomba aeleze. Akasema, "Kijana wangu, zamani tajiri alikupa ng'ombe, lakini wewe ulibaki wa kwake. Unamlimia, unamjengea ua, na akikasirika anamchukua ng'ombe wake." Burundi mtindo huo uliitwa ubugabire, Rwanda ubuhake, na kule Rwanda Mwami Mutara Rudahigwa aliufuta mwaka 1954. Nilikaa kimya nikiwaza. Ng'ombe ni yuleyule, maziwa ni yaleyale, tofauti ni deni linaelekea wapi. Kwenye ubuhake deni linapanda juu kwa bwana na haliishi. Kwa Dan West deni linakwenda pembeni, kwa jirani, na siku unamkabidhi ndama limekwisha. Mwaka 2006 Rwanda yenyewe ilianzisha mpango wa Girinka, ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, na mpokeaji anatoa ndama jike wa kwanza kwa jirani. Na Tanzania huku, wenyeji wanaita "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Jina hilo nalipenda kuliko yote kwa sababu halina machozi ndani yake.

Sisi kikundi chetu tulipewa kuku. Shirika moja, sitalitaja, lilituletea vifaranga 100 vya kuku wa nyama, chakula cha wiki kadhaa na mafunzo ya siku mbili yenye soda. Tulipiga picha. Kuku wa nyama hajui kujitafutia, anakula cha dukani tu, na chakula kile kilipoisha mradi nao ulikuwa umeisha. Soko la kuuzia halikuwepo, kila jirani alikuwa hana hela kama sisi. Halafu kideri kikaingia. Tulifukia kuku siku tatu mfululizo. Kwenye ripoti sijui iliandikwaje, labda kwamba vijana kadhaa wamejengewa uwezo. Sisemi kwa uchungu sana, yule dada aliyetuletea alikuwa na moyo mzuri na kuku wale walimuumiza hata yeye. Lakini wale vifaranga walikuwa vikombe vyenye manyoya.

Hata hivyo, kuna jambo Dan West hakuhitaji kulisema kwa sababu kwake lilikuwa wazi. Ng'ombe anakula majani, majani yanaota kwenye ardhi. Mkulima wa Poland aliyepewa mtamba alikuwa na mahali pa kumfunga. Mkimbizi anamfunga wapi?

Watu husema mkimbizi hawezi kujitegemea, kazoea kupewa. Historia ya nchi hiihii inakataa. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na serikali ikawapa maeneo ya kukaa: Ulyankulu mkoani Tabora, halafu Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoa wa Katavi. Serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikatafuta fedha, na shirika la TCRS, ambalo lilitegemea sana sadaka za Walutheri wa nje, likasimamia kazi. Familia ilipata shamba, hadi hekta 5, jembe na mbegu, na chakula cha kuwavusha mpaka wavune. Msitu waliufyeka wenyewe. Haikuwa rahisi, na nisije nikapamba: Ulyankulu watu walizidi, maji yakawa shida, na kuanzia mwaka 1978 maelfu wakahamishiwa Mishamo wakaanza tena kufyeka. Kutoka nje ya makazi pia kulihitaji kibali. Lakini walilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakala na kuuza, na kufikia mwaka 1985 mashirika ya kimataifa yalikuwa yamekabidhi makazi yote matatu na kuondoka. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kutoka familia hizo walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Kitu kinachonigusa hapo ni kwamba chakula cha msaada kilikuwepo kabisa. Kikombe kilikuwepo. Ila kilikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilipangwa na mavuno.

Baadaye mambo yalibadilika, na sababu zake zinaeleweka. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja. Nchi gani ingegawa hekta 5 kwa kila familia hapo? Zikajengwa kambi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Mimi nimezaliwa upande huu wa historia. Mgao umepunguzwa mara kadhaa nikiwa na akili zangu, na kila ukipunguzwa inakuja semina ya kujitegemea. Wafadhili mnaosoma hapa, ninawaomba jambo moja: kabla hamjatuuliza kwa nini miradi yetu inakufa, ulizeni kwanza tunaruhusiwa kulima wapi, kuuza wapi, na kutembea mpaka wapi. Mtamba bila majani ni mzigo kwa aliyepewa. Na nyinyi mna nafasi ya kuongea na wakubwa kwenye vikao ambavyo sisi hatuingii.

Kwa sasa tumerudi kwenye kuku, safari hii wa kienyeji. Kuku wa kienyeji anajitafutia, na anaweza kwenda popote bila kibali. Tulinunua mitetea wawili na jogoo kwa akiba ya kikundi. Mwenye kupokea anakaa na kuku, vikikua vifaranga anatoa mitetea miwili kwa nyumba inayofuata kwenye orodha. Nyumba saba zimepata mpaka leo. Mwewe amechukua wengi, na mama mmoja aligoma kutoa, akasema wa kwake wameumwa. Tulibishana jioni nzima. Mwingine akasema anyang'anywe, mimi nikakumbuka bwana wa ubugabire, nikasema aachwe, atatoa uzao unaofuata. Bado hajatoa. Tunamsalimia tu, na kuku wake tunawaona wanapita.

Daftari la nani kapokea na nani anadaiwa analitunza mama. Juzi nilimuuliza liko wapi. Akaingiza mkono chini ya kitanda bila kuangalia.