Stesheni ya Kigoma: Ilijengewa Mizigo, Ikabeba Watu

Kabla ya reli, safari ya kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ilikuwa ya miguu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapitia Tabora na kuishia Ujiji, na wapagazi waliibeba mizigo kwa miezi mitatu au zaidi. Ujiji ndio uliokuwa mji. Kigoma ilikuwa kijiji cha jirani. Lakini Wajerumani walipotafuta mahali pa kumalizia reli yao walitazama maji. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi, ilhali ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima. Hapo ndipo Kigoma ilipopata stesheni na bandari, na Ujiji ikaanza kusukumwa pembeni.

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagusa Kigoma, kilomita 1,250 hivi kutoka baharini. Jengo la stesheni, jeupe na lenye matao, lilikuwa kubwa mno kwa mji wa wakati ule. Wakoloni hawakuwa na haja na abiria wa Kigoma. Walichokitaka ni biashara ya Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Miezi sita baadaye vita vikazuka Ulaya. Mzigo wa ajabu kuliko yote uliopita katika reli hiyo ulikuwa meli nzima. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku 5,000 hivi. Ilikuja kwa bahari, ikapanda reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nzito. Grisi hiyo ilisaidia: Waingereza waliiopoa, na tangu 1927 ikasafirisha abiria kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi mtu aliweza kushuka kwenye behewa Kigoma, akateremka hadi gatini na kuendelea na safari mpaka Mpulungu, Zambia.

Wabelgiji waliushika mji wa Kigoma hadi 1921. Walipoondoka walijiachia eneo lao bandarini, na jingine Dar es Salaam, kwa mkataba wa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kizuizi. Tanganyika huru ilikataa kufungwa na mkataba huo, na ilikuwa na haki ya kukataa.

Wakati watawala wakigombania mizigo, wananchi waliifanya stesheni kuwa yao. Treni ya kwenda Dar es Salaam ikikaribia kuondoka, jukwaa hujaa madumu ya mawese, magunia ya dagaa na migebuka iliyokaushwa. Akina mama hupitisha vifurushi madirishani kwenye mabehewa ya daraja la tatu, na aliye ndani hupokea hata kama hamjui aliye nje. Mbele kuna siku mbili za safari. Humo ndimo biashara ndogo za Kigoma zilimokua.

Ndiyo maana reli ikikatika huko mbali, maumivu hufika hapa. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yaliibomoa njia upande wa Kilosa na Gulwe, na treni ya abiria ikasimama kwa miezi. Wakati huo barabara ya lami ilikuwa haijakamilika hadi Kigoma. Aliyezoea kupeleka dagaa wake Dar es Salaam kwa treni alilazimika kulipa basi au lori, au kukaa na mzigo ukimharibikia.

Sasa inakuja reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tawi la Burundi limepangwa kuanzia Uvinza. Shaba na nikeli zinatajwa tena, kama Kongo ilivyotajwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni jambo jema kwa nchi. Lakini watakaopanga ratiba na nauli wamkumbuke na yule mama mwenye dumu la mawese: awe na treni ya bei anayoimudu, na mahali pa kuweka mzigo wake. Na lile jengo jeupe la stesheni litunzwe, liendelee kupokea abiria.